Tuliowapenda hawakuwa wahusika wa sinema

Wahenga walinena kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Walichosahau kutuambia ni kwamba mapenzi yakishapita hugeuka hadithi, na hadithi hiyo kila isimuliwapo hutiwa chumvi zaidi, hadi mwenyewe akasahau ladha ya kwanza ilikuwaje. Haya siyasemi kwa kumsuta mtu. Ninayasema kwa sababu mimi mwenyewe, niliyeshika chaki kwa zaidi ya miaka 35 katika shule za kando ya Ziwa Viktoria, nimegundua uzeeni kwamba hadithi niliyowasimulia wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka haikuwa ya kweli. Na ajabu yake, ndugu msomaji, ni kwamba sikuwa nikidanganya. Niliiamini.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwaka 1985 nilikuwa kijana wa miaka 20 mjini Kisumu, mnyamavu, mwenye kupenda vitabu kuliko watu. Nikakutana na msichana wa Kendu Bay aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake mtaani Nyalenda. Alikuwa mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Aliendesha baiskeli ya mjomba wake hali amevaa sketi, jambo lililowafanya wazee wageuze shingo. Alinipeleka Dunga alfajiri kuwatazama wavuvi wakirejea na mitumbwi yao. Alinipandisha meli ya kuvuka ghuba ilhali sijui kuogelea. Alinifundisha kula kichwa cha ngege kwa vidole hadi ukabaki mfupa mtupu. Kwa muda wa miezi 8 tu, mimi niliyekuwa bubu nikawa msemaji, tena nikaanza kutunga mashairi.

Kisha nikapata nafasi katika chuo cha ualimu upande wa Nairobi. Siku ya kuondoka, mvua ilikuwa ikinyesha juu ya stesheni ya Kisumu. Kipenga kililia, treni ya usiku ikaanza kujivuta, na hapo ndipo nilipomwona akija mbio kandokando ya behewa, ameloa chapachapa, akipunga kitambaa cha manjano. Alikimbia hadi jukwaa likamwishia. Hatukuonana tena.

Niliisimulia hadithi hiyo kila mwaka nilipofundisha insha za kubuni. Wavulana walipiga mbinja, wasichana wakatabasamu, nami nikahitimisha kwa kusema kwamba yule ndiye aliyenifanya kuwa mwalimu. Sasa, katika muhula wangu wa mwisho kazini, msichana mmoja wa kidato cha tatu, wa kiti cha nyuma, aliinua mkono akauliza, "Samahani, Mwalimu. Na yeye alitaka nini?"

Nilijibu upesi kwamba alitaka nifanikiwe. Darasa likacheka. Aliyeuliza hakucheka. Akaketi, akaandika kitu daftarini mwake, na mimi nikabaki na swali lile kama mwiba wa samaki kooni.

Nilipoanza kulitafuta jibu nilikutana na mjadala ambao wapenzi wa sinema wanaujua. Mwaka 2007 mhakiki wa Marekani, Nathan Rabin, akiandika kuhusu filamu iitwayo Elizabethtown ya mwaka 2005, alimbandika jina la kejeli mhusika fulani wa kike anayejirudia katika filamu za mapenzi. Kwa Kiswahili tungeweza kumwita binti wa ndoto mwenye vituko. Huyu ni msichana mchangamfu, asiyetabirika, anayejitokeza ghafla katika maisha ya kijana mwenye huzuni. Humfundisha kucheka, humtoa chumbani, humwonyesha uzuri wa dunia, kisha kazi yake ikaisha. Yeye mwenyewe hana deni, hana mzazi mgonjwa, hana mtihani wa kufanya. Ameumbwa ili kijana apone.

Jina hilo lilienea mno hata mwenyewe aliyelibuni akatangaza, mwaka 2014, kwamba anajuta kulibuni, kwa kuwa lilianza kubandikwa ovyo. Lakini ugonjwa alioutaja upo. Iko filamu ya mwaka 2009, (500) Days of Summer, inayougeuzia ugonjwa huo kioo. Kijana mmoja anazikumbuka siku 500 za penzi lililovunjika, na kila anachokumbuka kinamhusu yeye. Dada yake mdogo, aliye mtoto lakini mwenye busara kuliko yeye, ndiye anayemshauri atakapotazama nyuma tena atazame vizuri zaidi. Anapotazama tena, anaona kwamba dalili za huzuni ya yule msichana zilikuwepo tangu zamani. Ni yeye tu aliyekuwa hataki kuziona.

Msomaji asije akadhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na sinema zao. La hasha! Sisi wa pwani ya Nam Lolwe tulikuwa na binti huyo kabla ya umeme kufika, na kabla hata ya reli iliyofika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901. Ni nani alelelewaye ufuoni asiyeijua ngano ya Nyamgondho wa Ombare? Mvuvi maskini wa Gwassi anatega majini kama kawaida yake, na badala ya samaki anamvua mwanamke mzee, chongo wa jicho moja. Anampeleka nyumbani. Kuanzia hapo utajiri unamiminika: ng'ombe, mbuzi, kondoo, wake wengine. Nyamgondho analewa pombe na kulewa mali. Usiku mmoja anarudi kutoka ulevini, anakuta lango limefungwa, anamtukana yule mwanamke na kumkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Mwanamke hajibu kwa matusi. Anaondoka kuelekea ziwani, na mifugo yote inamfuata, mmoja baada ya mwingine, hadi wanatoweka majini. Nyamgondho anasimama ufuoni ameegemea fimbo yake akitazama, na hapo hapo anageuka mti. Hadi leo mgeni akifika Nyandiwa huonyeshwa mti huo.

Ngano hii husimuliwa kwa namna nyingi, na kwa kawaida huhitimishwa kwa funzo kuhusu ulevi na kiburi. Funzo hilo ni la haki. Hata hivyo, sasa ninaisikia tofauti. Nyamgondho aliishi na mwanamke yule, akala mali yake, akaoa kwa ng'ombe wake, na katika ngano yote hatumsikii akimuuliza jambo dogo kabisa: wewe huko majini ulikuwa na nani? Alimjua kwa faida yake tu. Kwa hiyo alipoondoka, Nyamgondho alijua alichopoteza yeye, lakini hakujua ni nani aliyeondoka.

Tena, ukimtazama yule wa pili wa ngano zetu, utaona upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo. Luanda Magere, shujaa wa Kano aliyekuwa na mwili wa jiwe, anapewa mke kutoka kwa maadui wake Walang'o. Mke anagundua kwamba nguvu za mumewe zimo katika kivuli chake, anawajulisha watu wake, na shujaa anauawa kwa mkuki uliochomwa kivulini. Mwanamke wa kwanza alikuja kumneemesha mwanamume. Huyu wa pili alikuja kumwangamiza. Lakini naye alikuwa binti wa mtu. Alitolewa na wazee wake, akatumwa katika boma la adui bila shaka akitetemeka, na akaishi humo usiku na mchana akijua kwamba akigunduliwa roho yake imekwenda. Hiyo ni hadithi nzima, na haisimuliwi. Katika kumbukumbu za wanaume, aliyetupenda ni mwokozi na aliyetuacha ni msaliti. Nafasi ya tatu, ya mtu wa kawaida mwenye shida zake, haipo.

Nirudi basi kwangu. Nilipokuwa nikihama nyumba ya shule baada ya kustaafu, nilifungua sanduku la bati ambalo lilikuwa halijafunguliwa kwa miaka mingi. Ndani mlikuwa na barua zake 11. Niliketi juu ya gunia la vitabu nikazisoma zote, na jua likatua nikiwa palepale.

Barua ya kwanza iliandikwa siku 3 baada ya safari yangu. Ilianza kwa kuomba radhi. Aliniomba nimsamehe kwa kutofika stesheni. Mamake alikuwa amezidiwa usiku wa kuamkia siku ile, habari ikamfikia alfajiri, naye akavuka kwenda Kendu Bay kwa meli ya asubuhi. Akaongeza kwamba siku ile jua lilikuwa kali hadi magharibi, na kwamba alinifikiria nikihangaika na joto ndani ya behewa.

Hakuja stesheni. Na mvua haikunyesha.

Nilisoma mistari ile mara nne. Yule msichana aliyeloa, kile kitambaa cha manjano, zile mbio za hadi mwisho wa jukwaa, vyote nilivitoa wapi? Sina budi kukiri. Vijana wa enzi yetu tulishinda katika majumba ya sinema mjini tukitazama filamu za Kihindi, ambamo hapakosekani mvua, treni na mtu wa kuagwa. Aidha, miaka 10 baada ya safari yangu ikatoka Dilwale Dulhania Le Jayenge, ya mwaka 1995, ambayo mwisho wake karibu kila mtu anaujua: treni inaondoka, msichana anakimbia, kijana ameunyosha mkono kutoka mlangoni. Niliitazama zaidi ya mara moja. Sasa ninaamini kwamba nilitoka katika jumba la sinema na kumbukumbu ambayo sikuingia nayo.

Wataalamu hawatalishangaa jambo hili. Mwaka 1932 Mwingereza Frederic Bartlett, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha kitabu kuhusu namna watu wanavyokumbuka. Aliwapa watu kisa cha wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini wakisome, kisha akawataka wakisimulie tena baada ya muda. Waliyoyaona mageni waliyaacha, na mahali pake wakatia waliyoyazoea. Hata mitumbwi ya kisa kile ikageuka mashua. Bartlett alionyesha kwamba kukumbuka si kufungua ghala na kutoa kilichowekwa. Ni kujenga upya, na fundi hujenga kwa mawe yaliyo karibu naye. Mawe yangu mimi yalikuwa ya sinema.

Laiti kosa lingekuwa la mvua na kitambaa tu, ningecheka, nikalifunga sanduku. Lakini barua zilizobaki zilikuwa na jambo jingine. Katika kila barua, sehemu zilizonisifu mimi nilikuwa nimezipigia mstari kwa wino mwekundu, kama mwalimu mtarajiwa. Sehemu nyingine hazikuwa na alama yoyote. Na humo, katika mistari isiyo na alama, ndimo alimokuwa yeye. Babake alikuwa amepoteza kazi. Wadogo zake wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mamake alikuwa akiingia na kutoka hospitalini. Naye alitaka kusomea uhasibu, kwa sababu aliamini kwamba akipata cheti angeweza kuajiriwa Kisumu na kuibeba nyumba ile. Mara 3, katika barua 3 tofauti, aliniomba nimuulizie Nairobi kuhusu masomo ya jioni au ya posta: karo ni kiasi gani, fomu zinapatikana wapi, mwisho wa kuzirudisha ni lini.

Sikuuliza. Ninakumbuka vizuri nilichompelekea badala yake, kwani rasimu yake ilikuwa ndani ya sanduku lile lile. Ni shairi la beti 12, tarbia, nililomsifu kama nyota ya ziwa iliyoniongoza gizani. Vina vilitimia na mizani ilitimia. Fomu ndiyo haikupatikana. Barua ya mwisho ilikuwa fupi, ya upole, yenye kunitakia heri katika masomo. Nami kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikisema kwamba tulitenganishwa na treni.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na walimu wenzangu. Sinema hatuwezi kuilaumu peke yake, kwani sisi darasani tunayafundisha yaya haya. Hebu chukua rundo la insha za kidato cha pili na utafute aya inayomweleza msichana. Utamkuta ana macho ya gololi, shingo ya twiga, meno meupe kama theluji ambayo mwandishi hajapata kuiona, kiuno cha nyigu na sauti ya ninga. Nasi tunampa mwanafunzi alama za tamathali! Msichana huyo hasemi neno hadi ukurasa wa pili, na akisema ni kumwambia shujaa kwamba anampenda. Tumewafundisha watoto kuorodhesha viungo vya mtu, hatujawafundisha kumuuliza habari zake. Kisha tunashangaa wakikua wakapenda kwa namna hiyo hiyo.

Mfano mwema hatuna haja ya kwenda kuuazima mbali. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa kwanza wa Afrika Mashariki kuvuma kwa lugha ya Kiingereza, alichukua ngano ya ufuo huu ya msichana anayetolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Iko katika mkusanyiko wake wa mwaka 1968, Land Without Thunder. Msichana huyo, Oganda, yuko katika hali ambayo ingemfaa sana mtunga sinema: binti mzuri wa mtemi, zimwi la ziwani, mpenzi anayemfuata kwa siri ili kumwokoa. Lakini Ogot hakutuweka machoni mwa mwokozi. Alitutembeza na Oganda mwenyewe, katika upweke wake na hofu yake, tangu nyumbani hadi ziwani. Kwa watu wake alikuwa njia ya kupatia mvua. Kwa msomaji ni mtu anayeogopa kufa. Mwanafunzi akiifahamu tofauti hiyo, atakuwa amefahamu sehemu kubwa ya fasihi, na huenda pia sehemu ya maisha.

Ndiyo maana ningependekeza zoezi moja lisilogharimu hata shilingi. Mwanafunzi akishaandika kisa cha mapenzi, arudishiwe daftari na aambiwe akiandike tena kutoka upande wa yule mwingine, kwa urefu ule ule: alitoka wapi asubuhi ile, alikuwa na pesa ngapi, nyumbani kuna nini, na ni nini alichotaka ambacho hakikumhusu msimulizi. Akishindwa kujaza ukurasa, basi ajue kwamba alikuwa hamwelezi mtu.

Najua yuko atakayesema kwamba ninawanyima watu raha bure. Kumbukumbu ni mali ya mwenyewe, atasema. Zikipambwa zinamdhuru nani? Mzee aachwe na mvua yake na kitambaa chake cha manjano. Hoja hii ina uzito, nami sitaki kuipuuza. Yako mapenzi ambayo bila mapambo hayo mtu asingeweza kuyabeba. Na ni kweli pia kwamba alinibadilisha. Kicheko chake na alfajiri za Dunga hazikuwa ndoto, wala sizikani. Lakini mapambo yangu yalikuwa na bei, na aliyeilipa si mimi. Kwa kumfanya nyota ya kuniongoza nilijipa ruhusa ya kutosikia aliposema kwamba anahitaji fomu. Nyota haina karo. Na kwa kuisimulia hadithi ile mbele ya wavulana na wasichana wa miaka 35, niliwafundisha wavulana kungoja binti wa kuja kuwaamsha, nikawafundisha wasichana kwamba heshima yao ni kuamsha na kupunga mkono.

Rafiki yangu mmoja, niliyemsimulia haya, alinishauri nimtafute. Siku hizi mtu hapotei, alisema. Simu ziko, na Kendu Bay si mwisho wa dunia. Nimelifikiria jambo hilo kwa siku nyingi na nimeamua kutolifanya. Ningemwendea na nini? Na machozi yangu ili anifute? Ingekuwa ni kumwita tena katika sinema ile ile, sehemu ya pili, aje kuiponya dhamiri ya mzee kama alivyoiponya huzuni ya kijana. Kama yu hai, ana mambo yake, na pengine jina langu halimjii akilini hata mara moja kwa mwaka. Hiyo ni haki yake.

Nililoweza kufanya ni dogo. Treni ya abiria ya Kisumu, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imekoma, ilirejea mwezi wa Desemba mwaka 2021, na stesheni ikawa na watu tena. Nilikwenda pale jioni moja nikasimama jukwaani, nikajilazimisha kuitazama kumbukumbu ile bila mvua na bila mtu anayekimbia. Kisha nikayageuza macho kule alikokuwa hasa siku ile: ng'ambo ya ghuba, ameketi kando ya kitanda cha mamake, akihesabu nauli iliyobaki.

Yule msichana wa kiti cha nyuma amekwisha kumaliza shule. Kama anasoma ukurasa huu, basi jibu la swali lake ni hili: alitaka kusomea uhasibu. Alisema mara 3, na mwalimu wako hakumsikia.